Mbuzi Watatu Juu ya Lori

Thika

Kwako Mama,

Pokea salamu zangu. Natumaini goti limepoa na mvua bado haijakukuta kitandani. Mimi ni mzima, gazeti linanizungusha huku na huku kwa baiskeli.

Mabati yako ninayo, lakini hayatafika kama nilivyoahidi. Afadhali usikie kwangu.

Meli za mafuta zimekwama mbali, na serikali inapanga kugawa petroli kwa kuponi. Karani alitumwa Ruiru kuandika kila gari linalotembea, nami nikamfuata kutafuta habari. Watu hawakuelezwa sababu. Siku hizi huku mtu akiandikwa hangojei zawadi, kwa hiyo magari yakatoweka. Mzee Kamau, yule ambaye lori lake lingeleta mabati akija kununua mahindi huko kwetu, alilifunika kwa mabua na kupandisha mbuzi watatu juu. Karani akaegemeza baiskeli yake kwenye bampa, akauliza kama kuna gari hapo. Mzee akasema ana mbuzi tu. Karani akaandika kwenye daftari lake, akaniomba nitie sahihi kama shahidi. Nikafikiria paa lako kama lori lingechukuliwa, nikatia.

Juma lililofuata ikatangazwa kwamba kuponi zitatolewa kwa kufuata daftari lile. Mzee Kamau akanishika mkono mpaka ofisini. Karani akafungua ukurasa.

"Hapa wewe una mbuzi, Mzee. Na mbuzi hanywi petroli."

"Muulize huyu wa gazeti. Yeye aliliona."

Karani akanigeukia. "Uliona lori?"

Mama, miaka yote ya kazi hii sijawahi kusahihisha habari yangu. Nilijibu kwamba niliona mbuzi watatu, nao walikuwa wamesimama juu sana kwa mbuzi. Ofisi nzima ikacheka, hata askari wa mlangoni. Kisha nikapewa kalamu, nikaandika kwa mkono wangu kwamba nilishuhudia uongo. Mzee akapata kuponi za kwenda Nakuru na kurudi, basi. Kutoka Nakuru mabati yatapanda treni.

Mwambie kaka akae tayari stesheni na mkokoteni wa ng'ombe. Nisalimie mke wake, shangazi, na mwalimu wa shule ya Jumapili anayekusomea barua hii, asiisome kanisani.

Fundi naye asiezue hata unyasi mmoja mpaka ayaguse mabati kwa mkono wake. Sahihi yangu isimtoshe.

Mwanao,
Wafula