Uji wa Mama Mdogo

Mama,

Shikamoo. Nimeandika hivyo, kisha nikatega sikio, kama vile ungeniitikia marahaba kutoka jikoni. Jikoni siku hizi naingia mimi tu. Mtu mwingine akigusa sufuria, moyo unanienda mbio.

Nimerudi Mgeta. Kibanda changu cha nyanya pale Dumila nimemwachia shoga yangu, nikamchukua mwanangu Neema, tunalala chumbani kwako. Kabichi zimefunga vizuri mwaka huu, ila mjomba ndiye anayesimamia kunyunyizia. Mimi nikisikia harufu ya ile dawa naondoka shambani.

Mdogo wako amekiri. Sijui kama huko uliko habari zinafika, kwa hiyo nakueleza mwenyewe.

Ulipofariki watu walisema umerogwa. Wakamtaja bibi Paulina, yule jirani wa juu anayeishi peke yake, na vijana wakawa wanarusha mawe kwenye bati lake. Iliwafaa hivyo, Mama. Mchawi anatoka nje, ukifunga mlango umepona. Lakini daktari kule mjini alikuwa ameshaniuliza jambo nikashindwa kulisahau. Alisema, "Mama yako akiwa wodini anapata nafuu, akirudi nyumbani anazidiwa. Nyumbani nani anampikia?" Nikamjibu kwa fahari kabisa, "Mdogo wake, Skola. Anampenda kuliko sisi sote." Daktari aliandika jibu langu kwenye faili lako. Ulipofariki, yeye ndiye aliyeomba mwili upimwe, wakakuta sumu. Ile ya kunyunyizia kabichi zetu, Mama.

Polisi walipokuja, mama mdogo alikuwa anaosha vyombo. Hakukimbia. Aliwaambia wangoje amalize.

Nilikwenda kumwona rumande. Njia nzima nilikuwa naomba nimkute mtu mwingine, mwenye macho nisiyoyajua. Nikamkuta yule yule aliyenibeba mgongoni wewe ukiteremsha mizigo sokoni. Kitu cha kwanza alichoniuliza ni, "Umekula, Vero?" Nikashika ukuta.

Nikamuuliza kwa nini. Nilidhani atasema alilitaka shamba. Hakulitaja. Alisema tangu aachike na kurudi kwako, alijiona kama mgeni aliyesahau kuaga. Kisha ukapata ile malaria kali, ukamshika mkono, ukamwambia, "Skola, bila wewe ningekufa." Hakuna mtu aliyewahi kumwambia hivyo. Ulipopona ukarudi kwenye soko lako, jumuiya yako ya kanisani, harusi za watu, yeye akabaki na vyombo. Halafu ukaja kumwambia, kwa furaha, kwamba mimi nitarudi kukaa nawe.

"Nilikuwa natia tone kwenye uji wake. Nilitaka augue kidogo tu," alisema. "Aniite. Na alikuwa ananiita. Nilikuwa namfuta jasho huku nalia, Vero. Nalia kweli, siigizi."

Namwamini, Mama. Hapo ndipo hofu yangu ilipo. Angekuwa anakuchukia, ningetazama nani ananichukia mimi, nikamkwepa, basi. Sasa nawaogopa wanaonipenda. Nikienda Dumila, shoga yangu akinikaribisha chai nasema nimeshakunywa. Mjomba akinitengea ugali kwake nangoja amege yeye kwanza, naye anaona.

Kuna jambo lako pia linanitesa. Unakumbuka wodini, siku uliyomaliza bakuli zima la mtori? Uliniambia, "Usimwambie Skola kama nakula vizuri hapa, ataumia." Tulicheka. Sasa nayageuza maneno yale kila siku. Ulijua? Ulikuwa unakunywa uji ule ukijua, kwa sababu kukataa chakula cha ndugu yako ni kumwita muuaji mbele ya watu? Au ulikuwa unamhurumia tu, kama ulivyomhurumia maisha yake yote? Nimekuuliza pale kaburini mpaka nimechoka.

Na hili la mwisho sijamwambia mtu. Mwezi uliopita Neema alipata homa. Tangu tuhamie huku alikuwa ameanza kuniponyoka, kutwa yuko na wenzake. Siku ile akanishika kanga, akasema, "Mama, usiende." Mama, nilifurahi. Mwanangu anawaka moto, na mimi kifuani nimejaa raha kwamba ananihitaji. Kisha nikamsikia mama mdogo: aniite. Nikatoka nje nikatapika kwenye majani ya maboga. Ni damu moja, Mama. Niliitazama mikono yangu nikaogopa kurudi ndani.

Nikapanda kwa bibi Paulina. Sikujua pa kwenda pengine. Nilimwambia, "Shikamoo bibi, njoo ukae na mwanangu, mimi najiogopa." Alikuja na viazi vya kuchemsha ndani ya kitambaa, akamwekea Neema. Mtoto akageuza uso ukutani, akasema, "Mama amenikataza kula vya watu."

Kweli, nilimkataza. Lakini kumsikia akisema vile, kwa sauti ndogo ya mtu mzima, nikaona sumu ile haijaisha kuua.

"Usimlazimishe," bibi Paulina akasema. "Mimi nimezoea kuogopwa."

Nikachukua kiazi. Nikakimenya. Nikala. Nikangoja tumbo liniambie kitu, halikusema. Nikala kingine. Neema alinitazama muda mrefu, kisha akafungua kinywa, na bibi ndiye aliyemlisha.

Amepona. Ameshaanza tena kunitoroka.

Kesi bado haijaisha. Nitasimama mahakamani niseme niliyoyaona, hata mama mdogo akinitazama. Kumsamehe sikuahidi, usinidai. Hofu nayo sidhani kama itaniondoka, labda nitazeeka nayo. Wewe lala, Mama, huna tena wa kumfichia maumivu. Ninachokuahidi ni hiki: Neema akiugua, sitamuuguza peke yangu. Na akipona, nitamwacha aende.

Mwanao,
Veronika