Kimo cha Kwenda Angani

Jumanne, 8 Novemba

Nimefaulu mtihani wa kuogelea! Mimi, mzaliwa wa Quillacollo, ambako maji tunayoyajua ni ya sufuria! Hesabu – tayari. Macho – tayari. Mbio niliwaacha wavulana nyuma wakihema. Kimebaki kipimo kimoja tu ndipo niruhusiwe kuomba mafunzo ya urubani wa kijeshi: kimo. Mita moja na sentimita hamsini na nane. Hicho ninacho, sina wasiwasi.

Alhamisi, 10 Novemba

Jioni nimepimwa pale duka la dawa. Nusu sentimita haipo! Nimelia mpaka kwikwi. Mama amefoka: ukoo wetu hauna wafupi, una waliobeba mizigo. Mjomba Primitivo, mwenye lori la viazi, anasema mtu akiamka huwa mrefu, ni kutwa nzima inayomfupisha. Nijipime alfajiri.

Ijumaa, 11 Novemba

Kweli! Asubuhi kimo kimetimia, barabara kabisa. Mchana – kimeondoka tena.

Basi Mama ametoa amri. Jumatatu napelekwa jeshini kupimwa, njia nzima nikiwa nimelala, nisifupike. Juu ya godoro. Ndani ya lori la viazi! Nikamwambia majirani watatucheka.

"Wacheke," akasema. "Wewe utapita juu ya mapaa yao."

Jumatatu, 14 Novemba

Naandika chali. Njiani bibi mmoja kaniona, kafanya ishara ya msalaba! Mama, na sketi yake ya sherehe, akapaza sauti mtaa mzima usikie: si maiti huyu, bibi, ni rubani! Nimeona fahari hadi masikio yakawaka moto.

Sasa tuko nje ya lango la jeshi. Foleni ndefu, jua kali. Ikisogea, Mama na Mjomba wananiburuta na godoro langu. Wavulana wanauliza kama niletewe na chai. Nileteeni, nimewaambia, ila kwenye mbio hamkunifikia, sijui chai itanifikiaje.

Msichana wa nyuma yangu, mfupi kama mimi, ameuliza kwa nini nimelala. Nafasi za mafunzo zenyewe chache... Nimemwambia ukweli. Mama akapiga godoro kofi: "Lala, binti, pana nafasi." Sasa tumelala wawili, na wa tatu anatandika koti lake chini.

Wananiita! Mjomba anataka kunibeba hadi ndani. Sitaki. Nitaingia kwa miguu yangu, kichwa juu.

Mama ananinyooshea kola.

"Simama wima, mwanangu," anasema. "Usibakize kitu."