Haikukuwa upepo, Tata

Tata,

Niko naandika na haya mingi, ndiyo maana nilichelewa karibu mwaka muzima. Nilikudanganyaka. Antene ya radio yako haikukatwa na upepo. Ni mimi, Masika, mutoto wako wa kwanza, niliikata na mupanga ya jikoni siku ile ulienda Beni kuzika shemeji yako.

Kumbuka vile ilikuwaka: waya murefu toka ku dirisha yako mpaka ku muti ya mukalitusi ya nyuma ya nyumba, umeipitisha mu shingo za chupa ili isiguse manjanja, mabati ya paa. Ku mwisho ulifunga kamba, ukaipitisha juu ya tawi, ukaning'iniza jiwe. Nilikuuliza: jiwe ya nini? Ukasema, "Muti inachezaka, Masika. Wacha na waya icheze, haitakatika." Ulikuwa unachekelea sawa mutu amejenga kanisa. Kila magharibi ulipata habari ya Kiswahili toka inchi ya mbali, kisha ku meza ulitugawia dunia pamoja na bugali. "Butembo haiko mwisho ya dunia," ulisemaka.

Lakini bajirani balianza kusema. Hapa mu mutaa yetu ya Kimemi, mutu akiona waya murefu inje anawaza fonie, ile mashini ya kuongea na batu ba mu pori, bale baasi. Na wakati huu wa mauaji, nani anaongea na pori? Ku robine ya maji, nikifika na bidon yangu, bamama balinyamaza. Mama Kavira, jirani wetu, akaniuliza mbele ya bote: "Masika, muzee wako iko anaongea na nani?"

Ningejibu neno moja tu, ile ulinifundisha: "Hii inasikiaka, haisemake." Mimi nikatazama chini. Eh, Tata! Niliogopa bakuje kutuchoma, ndiyo, lakini kusema kweli niliogopa zaidi macho ya bale bamama. Ulipoenda Beni, nilikata. Waya nikaitupa mu shamba ya ndizi, nyuma ya choo.

Ulirudi, ukatazama juu. Nikasema: ni upepo. Ukatazama jiwe iko chini, ukanitazama na mimi. "Bon," ukasema. "Upepo." Na Mama Kavira alipokuuliza, na yeye ulimuambia upepo.

Toka siku ile radio ilitoa tu shiii. Uliweka sikio pale pale kila magharibi. Batoto bangu, bajukuu bako, bakakuuliza: "Koko, habari gani?" Ukajibu: "Leo dunia imenyamaza." Nilikuwa nakuletea bugali, na sikusema. Mpaka tulikuzika, sikusema.

Juma iliyopita nilifungua carton ya chini ya kitanda yako, natafuta shuka. Waya ilikuwa ndani. Umeizungusha vizuri, pamoja na shingo zake za chupa. Pale mupanga ilipita, umeunganisha, umesokota waya juu ya waya, umefunika na plastiki nyeusi. Iko tayari kupandishwa. Kumbe uliikuta mu ndizi. Ulijua. Upepo gani inakataka waya na mupanga, kisha inaenda kuificha nyuma ya choo? Ulikuwa unangojea tu mimi niseme. Nilikaa chini nikalia sawa mutoto mudogo.

Jana, saa kumi, jua ingali kali, nilivaa pantalon, suruali yako, nikapanda mukalitusi. Bamama bakacheka: "Masika amekuwa mwanaume!" Nilifunga kamba, nikaning'iniza jiwe, nikashuka na mikono imechubuka. Magharibi nikamuita Mama Kavira mu chumba yako. Sauti ya Kiswahili ikatoka, safi kabisa. Alizungusha radio nyuma na mbele, anatafuta mahali ya kusemea.

"Kumbe inasikia tu?"

"Inasikia tu," nikasema. "Na ile siku haikukuwa upepo. Ni mimi."

Alirudisha radio mahali yake. Kisha akavuta kiti, akasikiliza mpaka mwisho.

Tata, sikuombi useme hakuna neno. Neno iko. Nakuahidi hivi: radi ikianza, nitatoa waya ku radio vile ulinifundisha. Kila magharibi nitagawia batoto dunia ku meza. Na mutu akiniuliza juu ya ile waya, nitainua kichwa na kujibu.

Pumzika, Tata. Wasingya, asante. Leo upepo iko na nguvu sana. Muti inacheza, jiwe inapanda na kushuka, na waya iko nzima.

Mutoto wako,
Masika