Shaba ya Babu na Gari la Viti Viwili

Kamalondo, Elisabethville
Jumapili, tarehe 6 Septemba 1953

Kwa Mjomba Kasonde,
Albertville

Mpendwa Mjomba,

Kabla ya kushika kalamu nimekupigia makofi ya heshima, magoti chini, kama nilivyofundishwa, ingawa mbele yangu kuna ukuta tu. Laurentine mke wangu amenicheka. Acha acheke, salamu ni salamu.

Je, hujambo? Kifua kinasemaje? Nimesikia kwamba upepo wa ziwa unakukoholesha, na kwamba hata hivyo hutaki kuvaa fulana. Na Mama Constance, mke wako, miguu yake imepungua kuvimba? Tunawaombea kila jioni, wewe ukitajwa wa kwanza.

Sisi huku tuko wazima. Mama yangu, dada yako, amebakiwa na meno manne lakini ulimi wote upo. Watoto wanakwenda shule kwa mapadri. Jua ni kali, vumbi jekundu limeingia hata kwenye chumvi, na mvua bado.

Barua hii nimeiandika mara tatu nikaichana. Leo baada ya misa nimeapa kwamba haitachanwa. Kesho asubuhi itapanda treni mpaka Bukama, itashuka mto kwa boti mpaka Kabalo, itapanda treni tena mpaka kwako. Imepata safari ndefu, basi na iseme mambo ya kweli.

Najua kwa nini umenyamaza tangu Machi.

Nilimtuma Floribert, jirani yetu anayefanya kazi ya treni, akuambie kwamba naomba msalaba wa shaba alioufua Babu zamani za misalaba ya kununulia vitu, ule mali yako ambao Mama anakutunzia. Nilimwambia pale stesheni, treni imeshapuliza honi, kama mtu anayeagiza sabuni. Kwetu mpwa ndiye anayerithi vitu vya mjomba, na kila mtu anajua anavirithi lini. Mpwa anayeviomba huku mjomba wake anakula na kutembea ni kama ameshamchimbia kaburi. Nami niliomba, tena kwa mdomo wa mtu mwingine! Mama aliposikia alikaa chini akashika kichwa.

Floribert alirudi na jibu lako: “Ambia ule mutoto, mi sijakufa bado. Angoje.” Tangu siku hiyo sijaona mwandiko wako, na kile kikapu cha dagaa unachotutumia kila Pasaka hakikuja. Mama alikwenda stesheni mara mbili kukiulizia. Hakuniambia, niliambiwa na watu.

Mjomba, nimekosa. Sina la kujitetea. Sikuwa nawaza kifo chako hata kidogo, nilikuwa nawaza gari. Nilikuwa nimelala chini yake kwa miezi minane, na mtu wa namna hiyo huona vyuma tu, ndugu zake anawaona miguu. Nisamehe.

Sasa nikueleze gari lenyewe, maana huko umeambiwa kwamba nimeokota takataka. Ni kweli niliokota. Mzee mmoja Mbelgiji aliyekuwa akirudi kwao aliniambia nilichukue bure, mradi nilitoe kwenye banda lake la kuku. Lilikuwa humo tangu kabla ya vita. Ni gari la mbio la Kifaransa la mwaka 1929, lina viti viwili tu, mkia umechongoka, na boneti imefungwa kwa mikanda ya ngozi kama suruali ya mzee. Kuku walikuwa wakitaga kwenye kiti cha dereva, na jogoo wao alinifukuza mpaka barabarani. Nilipolivuta kwa kamba kuingia Kamalondo, watu walitoka kwenye baa kuangalia. Numbi, fundi cherehani wa jirani, aliniuliza kama huyo ndiye mke wa pili na kwa nini nimemchagua mzee hivyo.

Nimelivua mpaka mifupa. Mbao za bodi zilikuwa zimeliwa na mchwa, nikachonga nyingine za mulombwa, ambazo mchwa hawazigusi. Kutu nimeiondoa kwa mkono, kwa mchanga na tambara, mpaka kucha zimeisha. Breki zake zilikuwa za kamba za chuma: ukikanyaga leo, linasimama kesho. Nimezitupa, nikaweka breki za mafuta kutoka kwenye kamioneti, lori dogo la Kimarekani lililoanguka njia ya Kipushi. Hazikukubali kukaa, kwa sababu gari moja ni la Ulaya na jingine la Amerika, kwa hiyo vishikio vyote nimevichonga upya kwa tupa. Taa nazo zilikuwa zinamulika kama kiberiti, nimezibadilisha pamoja na dinamo. Numbi amenishonea viti vipya, na amenicheka kwa kila mshono. Mwili wa gari ni wa zamani, lakini limejifunza mambo ya sasa.

Utauliza yote haya ya nini. Nitakujibu bila kuzunguka. Miaka kumi na moja nimekuwa fundi kwenye gereji ya mjini. Gari linaingia limekufa, mimi nalifufua, halafu mtu mwingine anatia sahihi. Nimechoka na sahihi za watu. Nataka gereji yangu mwenyewe hapa Kamalondo, yenye mlango na jina.

Bwana wa ofisi ya vibali vya biashara amenipa sharti moja. Nimpelekee gari nililolitengeneza nyumbani kwa mikono yangu, lifike kwa magurudumu yake, likaguliwe, lipite. Likipita, anaandika kibali siku hiyo hiyo. Lisipopita, ombi langu linafungwa na mabaki yote yanaondolewa uani kwangu. Siku aliyonipa ni Ijumaa, tarehe 30 Oktoba. Alisema bila ukali, huku akichonga penseli.

Kila kitu kiko tayari isipokuwa kimoja. Kati ya kichwa cha injini na tumbo lake hulala kibati chembamba chenye matundu, gasketi, ambacho huzuia maji, mafuta na moto visikutane. Ya zamani ilikuwa imeungua. Nikaandika Ulaya kutafuta nyingine, nikajibiwa kwamba kiwanda kilishafungwa zamani. Basi lazima itengenezwe, na itengenezwe kwa shaba.

Cheka, Mjomba, hapa pana kichekesho. Mji mzima unaishi kwa shaba, moshi wake tunauvuta mchana kutwa, na mimi nakosa kipande cha kuenea miguu miwili ya mtu! Inaondoka kwa mabehewa kwenda Ulaya, na ikirudi imeshakuwa waya na sufuria. Mtu wa kwetu akikutwa nayo nyumbani bila karatasi, ataulizwa maswali kituoni, na mimi sitaki kuanza gereji yangu kwa maswali.

Nilipata tangi kuukuu la maji ya moto, lililotoboka, pamoja na karatasi yake. Nikaipiga shaba yake nyundo siku mbili ikawa bapa, inang'aa, nikakata matundu, nikafunga. Injini iliwaka! Mjomba, iliwaka kweli, sauti ikajaa uani, Laurentine akatoka na mwiko mkononi. Dakika tisa. Kisha maji yaliingia mahali pa moto, mvuke mweupe ukatoka nyuma, na injini ikanyamaza. Niliketi chini kando ya gurudumu.

Mama alikuwa kando ya ukuta akichambua majani ya sombe. Alisema bila kuinua kichwa: “Umeipiga sana, Edouard. Iko na hasira. Rudisha mu moto mpaka inakuwa nyekundu, kisha tupa mu mayi. Itatulia.”

Nilimjibu kwamba mimi nina cheti cha ufundi.

“Cheti iko muzuri,” akasema, “lakini baba yetu alikula shaba mbele ya cheti kuzaliwa.”

Unajua mwenyewe wazee waliiitaje kazi ya kuyeyusha: kula shaba. Kule gereji gasketi hutoka kwenye boksi, hakuna anayejua ilizaliwaje. Nilichukua mabaki ya tangi nikayatia motoni kwenye makaa, kisha majini. Shaba iliyokuwa ngumu kama sahani ilipinda mikononi mwangu kama ngozi. Niliona aibu, na nilifurahi. Mtoto wa binti ya Babu, mwenye umri wa miaka thelathini na sita, ndiyo kwanza anajifunza alichokijua kila mtoto wa uani kwa Babu.

Lakini gasketi ile ya kwanza ilishapasuka, na mabaki hayo hayatoshi hata silinda mbili, na ni membamba, yana viungo vya risasi vinavyoyeyuka. Nimezunguka mji mzima, nimeuliza, nimerudi mikono mitupu. Shaba nzito, safi, ya kutosha, ambayo kila mtu anajua ni mali ya nani, ninajua iko mahali pamoja tu. Iko ndani ya sanduku la Mama, kwenye kitambaa chake.

Nilimwomba aniruhusu niutazame tu ule msalaba. Alikalia sanduku. “Mwenyewe iko Albertville,” akasema, na hakuondoka hapo mpaka nilipokwenda zangu kazini.

Yuko sawa. Ndiyo sababu barua hii haiombi msalaba. Inakuomba wewe.

Njoo, Mjomba. Wewe ndiye uliyemvutia Babu mivukuto ulipokuwa na miaka minane, na sasa hakuna mwingine aliye hai aliyeshika kazi hiyo pamoja naye. Mimi naweza kunyoosha kibati cha tangi, lakini msalaba mnene vile, uliosubiwa kwa mkono wake, nikiupiga vibaya utapasuka, na ukipasuka sitajisamehe. Sijui moto wake unataka kuwa mwekundu kiasi gani, wala uache kupigwa lini. Wewe unajua. Nataka uufungue kitambaani mwenyewe, uupige pigo la kwanza mwenyewe, tena mbele ya dada yako, ili kila mtu wa Kamalondo aone kwamba hapa hakuna aliyerithi. Mwenye mali yupo, anafanya kazi na mali yake.

Tena haitapotea. Shaba iliyolala kwenye injini hailiwi. Siku yoyote utakayosema inatosha, nitafungua kichwa cha injini, nitaitoa, na tutaisubu tena iwe msalaba, kwa maana nitakuwa nimeona jinsi unavyofanya. Hilo nakuahidi mbele ya Mama, ambaye ameketi hapa akinitazama ninavyoandika, ingawa hasomi.

Na kama utasema hapana, niandikie neno hilo moja tu. Nitamrudishia Mama amani yake, gari litakwenda na mkokoteni wa vyuma chakavu, na mimi nitarudi chini ya magari ya watu mpaka nipate njia nyingine. Nitaipata. Unanijua kichwa changu. Lakini msalaba sitaugusa, wala sitamtuma tena mtu kwako na maneno ya rafu. Heri nikose kibali kuliko kubaki na mjomba asiyeniandikia.

Ukikubali, Floribert atakungoja Bukama tarehe 12 Oktoba na atakutafutia nafasi nzuri karibu na dirisha, mbali na moshi. Amesema atafanya hivyo kwa furaha, maana hata yeye alichoka kubeba jibu lako la Machi. Kwangu utalala chumba cha mbele. Umepita mwaka wa tisa tangu ututembelee mara ya mwisho, na mji umekua, lakini mlango wetu uko pale pale.

Kiti cha pili cha gari sijamwahidi mtu. Laurentine amekitaka, Numbi amekitaka kwa sababu ya mishono yake, mwanangu mkubwa amekililia. Nimewaambia wote kwamba tarehe 30 kitakaliwa na mtu mmoja, na asipokuja kitakwenda kitupu mpaka ofisini, kama gari litakwenda.

Nyundo ya Babu ilikuwa chini ya kitanda cha Mama, mpini wake umeoza. Nimeutia mpya, wa mulombwa, nikaulainisha kwa kipande cha chupa. Sijapiga nayo kitu hata kimoja.

Nisalimie Mama Constance, mwambie dawa ya miguu anayoiulizia, Laurentine ameipata. Nisalimie na jirani zako wa reli walionibeba begani nilipokuja huko nikiwa mdogo. Laurentine na watoto wanakupigia makofi. Mungu akulindie kifua chako, akuweke juu yetu miaka mingi, akufanye utusumbue mpaka tuzeeke pamoja.

Wako akupendaye na anayekutakia uzima,

Edouard Ngosa, mtoto wa dada yako

Nilikuwa nimeshakunja karatasi, Mama akaniambia nifungue. Amesema niandike kama alivyotamka, nisitengeneze kitu:

“Kasonde, mi pia sijakufa bado. Kuya huku.”