Wimbi Lililopinda Mbele ya Wakwe

Mama Nyakerario, mshauri wetu mpendwa, naomba msaada wako na naomba pia usinicheke, kwa sababu hapa Kisii mjini wameshanicheka vya kutosha. Naitwa Thadeus, jina la ukoo uniachie mwenyewe, nina duka la dawa za mifugo karibu na Daraja Mbili, mke wangu ni Persis, mwalimu, tuna binti mmoja anaitwa Natasha, na shida yangu ni mashua.

Najua utauliza mtu wa milimani ana mashua ya nini, lakini mimi na Persis tuliinunua kwa mzungu mmoja aliyekuwa akihama Kisumu, ni ile ya kuvuta watu kwa kamba juu ya maji, tunaiweka Kendu Bay, na kila mtu ana mchezo wake, mimi nasimama juu ya ubao mmoja mpana na kuruka nikilipanda wimbi ambalo mashua inaacha nyuma, naye Persis anateleza kwa mbao mbili nyembamba, alijifunza miaka minne aliyosomea Marekani kwa hivyo sikatai kwamba anaweza, ila mimi nataka wimbi kubwa na yeye anataka maji yaliyolala kama meza. Mashua ina matangi ambayo ukiyajaza maji inazama nyuma na wimbi linakua, nami huyajaza yote, halafu naongeza magunia manne ya chumvi ya ng'ombe kutoka dukani, na kwa kweli wimbi langu ni zuri, watu husimama ufuoni kulipiga picha.

Sasa Jumapili moja, maana Jumamosi sisi ni Wasabato, Persis aliwaalika wazazi wake na shangazi zake wawili kutoka Birongo, na baba yake, mzee Ochoki, macho yanafifia, daktari amesema kufikia Desemba huenda asione tena, na Persis alitaka amwone akiteleza hata mara moja tu kwa sababu mzee hajawahi kuamini kwamba mtoto wake anatembea juu ya maji kwa mbao. Nilitangulia mimi, Persis akiendesha, nikaruka, wakanipigia makofi. Zamu yake ilipofika nikashika usukani, na hapo mama mkwe, mama Kwamboka, ambaye ni mzito, sisemi kwa ubaya, akainuka kwenye kiti cha karibu na usukani kwa sababu unaijua chinsoni yetu, ile miiko ya heshima, mama mkwe hawezi kuketi bega kwa bega na mume wa binti yake, akahamia kona ya nyuma kushoto, na wale shangazi wawili wakamfuata asikae peke yake, mashua ikalala upande. Persis akiwa tayari majini akaniambia, "Baba Natasha, toa hayo maji kwenye matangi kwanza, na mama akae katikati, hilo wimbi litapinda," lakini mimi nitamwambiaje mama mkwe anisogelee, na matangi yanachukua dakika kumi kumwaga na nilikuwa nimepanga kuruka tena, basi nikamwambia, "Tuko sawa, shika kamba," nikaondoa mashua.

Wimbi lilisimama kama ukuta upande mmoja na upande wa pili likawa povu tu, niliona kwenye kioo cha kutazamia nyuma, na Persis alipojaribu kulivuka akaanguka kifudifudi, ubao ukampasua kidevu, akashonwa nyuzi tano. Mzee akaniuliza, "Kumbe hajui?" nami nikasema kitu kidogo tu cha kupoza mambo, nikasema, "Huwa anajaribu, mzee." Persis alikuwa ameshafika kwenye ngazi, akasikia. Alichukua Natasha akaingia gari la wazazi wake, na hii ni wiki ya tatu yuko Birongo na simu zangu hapokei.

Nimeona kwenye mtandao kuna kibao cha chuma kinachofungwa nyuma ya mashua, unabonyeza kitufe wimbi linabadilika lenyewe. Swali langu ni hili, nikikifunga Persis atarudi, na ninunue cha ukubwa gani?

Thadeus, Kisii.

*

Thadeus,

Umeomba nisikucheke. Nilijikaza hadi nilipofika kwenye chumvi ya ng'ombe.

Mimi ni mzaliwa wa Manga, na maji mengi niliyokua nayo yalitoshea mtungini. Kwa hivyo kabla ya kukujibu nilimpigia binamu yangu Ratemo, anayeendesha mashua za watalii huko ziwani, nikamsomea barua yako yote. Akaniuliza, "Sasa huyo jamaa alikuwa anavuta bibi ama anavuta ng'ombe?"

Ameniambia hivi, na uandike mahali. Ubao wako mpana unataka wimbi, basi matangi yajae, mwendo uwe wa wastani, uzito ugawanywe sawa kushoto na kulia. Mbao za Persis zinataka kinyume chake. Matangi yawe makavu, magunia yabaki dukani kwa wateja wenye kwato, watu wawe wachache na wakae katikati, na mashua ikimbie ndipo wimbi lijilaze. Ukirundika akina mama watatu kona moja juu ya matangi yaliyojaa, unapata kile ulichokiona kwenye kioo. Kibao cha chuma usinunue. Kingekaa nyuma, na aliyeharibu alikuwa mbele ameshika usukani.

Na usiniletee chinsoni. Mimi pia nina wakwe, naijua, naiheshimu. Inakukataza kuketi karibu na mama Kwamboka. Haikukatazi kuzima injini na kusubiri dakika kumi maji yamwagike. Kuhusu kiti, yule mama ni wa Persis, na Persis alikuwa pale pale majini, angemwomba mwenyewe kwa neno moja akae katikati, hatua mbili kutoka kwenye usukani wako. Hukumpa nafasi kwa sababu ulitaka kuruka tena upigiwe makofi tena. Tena ajabu ni kwamba heshima iliyokuzuia kumsogeza mama mkwe haikukuzuia kumdanganya baba mkwe.

Maana tusome barua yako pamoja. Wimbi umelieleza kwa upana na urefu. Lile neno lililomfukuza mkeo ukaliita kitu kidogo. Umeandika kwa mkono wako kwamba Persis anaweza. Umeandika kwamba wimbi lililopinda uliliona. Mzee akakuuliza, na ukiwa na majibu yote mawili mfukoni ukamtolea la uongo, mwenye kidevu akiwa anatokwa damu kwenye ngazi anakusikia. Kile kidonda kinapona, nacho hata yeye hajakilalamikia.

Kuaibika mbele ya wakwe ni kuzito kwetu, hapo nakuonea huruma. Mdomo humtoroka mtu. Lakini wako umetoroka wiki tatu, na badala ya kuufuata unatafuta vyuma kwenye mtandao.

Jumapili hii panda kwenda Birongo. Usimtume mzee wa kanisa akusemee, na simu yenye picha zako za kuruka iache nyumbani. Mbele ya mama na wale shangazi, mwambie mzee Ochoki kwamba uliambiwa utoe maji ukakataa, kwamba uliliona wimbi likipinda ukanyamaza, na kwamba binti yake anajua mchezo wake kukushinda wewe. Ukishamaliza funga mdomo. Persis asipokujibu, kunywa chai utakayopewa, shukuru, rudi dukani kwako, na Jumapili inayofuata uende tena.

Siku atakayokubali kuingia majini, akiwa amepona, Ratemo amejitolea kuendesha. Mama Kwamboka atakaa katikati kwa raha zake, kwa kuwa wewe utakuwa ufuoni. Ratemo hataki kilo zako kwenye mashua, na mimi nimekubaliana naye. Mzee awekwe kiti cha nyuma kabisa, katikati, kinachomtazama anayevutwa. Persis avae jaketi la kuogelea la rangi kali, la machungwa ndilo bora, na kamba ifupishwe apite karibu.

Yule mzee alishuka milima yote hiyo akiwa bado anaona, ukamwonyesha mtoto wake akianguka, ukamwambia ndivyo alivyo. Desemba haiko mbali, Thadeus, na kwa sasa hiyo ndiyo picha aliyobaki nayo.