Baba Mkwe Anataka Kishikio Kilichopinda, Mke Wangu Amekataa

Mpendwa Shangazi Yustina,

Shikamoo. Naomba unisaidie, maana jambo nililolianza kwa mapenzi limegeuka ugomvi na sijui nilishikie wapi. Mimi ni fundi bati hapa Tabora, nakaa Cheyo, kazi yangu ni majiko, ndoo, keni za kumwagilia bustani na koroboi kwa wanaozitaka bado, na nimemwoa Zamda, binti wa Mzee Abdulatifu, ambaye pale stesheni wazee wote wanamfahamu kwa sababu aliendesha treni tangu ujana mpaka alipostaafu. Yeye na mama mkwe, Bi Tunu, wanakaa nyumba ya jirani nasi, tunawaangalia kwa karibu kwa kuwa presha ya macho imemmaliza mzee, sasa anatofautisha mwanga na giza tu.

Mwaka huu, Shangazi, nikaona mzee anazidi kunyamaza, anashinda barazani, akisikia treni inapiga honi anageuza kichwa halafu anainama tena, na mimi moyo ukaniuma, nikasema nimtengenezee mfano mdogo wa kichwa cha treni chake, kile cha dizeli alichokiendesha miaka yake ya mwisho kazini, na si kidude cha kuchezea watoto, nilitaka kiwe chenyewe kabisa. Nikaomba ruhusa nikapiga picha kichwa cha aina hiyo kilichopumzishwa reli ya pembeni, nikachukua na picha ya zamani ya mzee amesimama kando ya chake, nikakata bati, nikatoboa matundu ya hewa ubavuni yote bila kuruka hata moja, honi nikazitengeneza kwa ncha za kalamu za wino, taa kwa vioo vya tochi mbovu, vishikio vya kupandia kwa waya wa shaba, na rangi ndiyo iliyonitoa jasho, niliichanganya na kuimwaga, nikaichanganya tena, mpaka nikapata ule mpauko wa jua unaoonekana pichani, na juu kwenye bomba la moshi nikapaka masizi kidogo, na namba nikaiandika kwa brashi ya nywele chache. Watu walikuwa wanasimama njiani kutazama.

Nilimpelekea Ijumaa baada ya swala, nikamkuta na mgeni, Mzee Hilari wa Igalula, ambaye alikuwa msaidizi wake kwenye treni. Huyu ni Mnyamwezi, na mzee wetu asili yao ni Wazaramo waliokuja huku na misafara ya zamani, kwa hiyo ni watani, hawaamkiani bila kutukanana. Mzee Hilari alipokiona tu akasema, "Abdulatifu, mkweo kakuletea treni ya bwana harusi, haijawahi hata kuonja vumbi la Malongwe!" Mzee akacheka, akakipakata, akakipitisha mikono taratibu kuanzia mbele hadi nyuma, kisha akarudi mbele upande wa kushoto, kwenye kishikio cha kupandia, akapandisha vidole na kuvishusha, akarudia tena na tena. Halafu akasema, "Fundi, kazi umefanya. Lakini hiki si changu. Changu, chuma hiki kilipinda." Bi Tunu akachukua sinia la kahawa akaingia ndani, na vikombe vyenyewe vilikuwa bado vimejaa.

Nilipomsindikiza Mzee Hilari kwenda kupanda bajaji ndipo akanieleza. Kumbe zamani, wakiwa pamoja kwenye treni karibu na Igalula, mkokoteni wa ng'ombe uliojaa karanga ulinasa relini, kijana mwenye mkokoteni, Xavery, akafanikiwa kuwafungua ng'ombe, akarudi kuuokoa mkokoteni, na mzee alivuta breki zote na honi hakuiachia, lakini treni haisimami kama baiskeli. Kijana akafariki palepale. Ekseli ya mkokoteni ndiyo iliyopinda kile kishikio. Hakuna aliyemlaumu mzee, na alikwenda msibani, mama wa marehemu akampa maji ya kunawa akala pamoja na wafiwa. Kichwa kikarudi kazini na kishikio chake vilevile, na kila alipopita mahali pale alipiga honi ndefu, abiria wakidhani kuna ng'ombe. Nilipofika nyumbani nikaitazama tena ile picha ya zamani, Shangazi, nikakuta mkono wa mzee umeshika palepale, ndiyo maana sikupaona.

Nikamwambia mke wangu nitakipinda kishikio, akanijia juu: "Yaani unataka kumtonesha baba kidonda ili upate sifa ya ufundi?" Na Bi Tunu, ambaye hajawahi kunipandishia sauti, akaniambia, "Mwanangu, mimi ndiye niliyekuwa namshika usiku akiamka anapiga kelele za kusimamisha treni. Wewe hukuwepo. Usiniletee tena mambo yale ndani ya nyumba yangu." Kichwa cha treni Zamda amekifungia kwenye sanduku la nguo, na mimi nikipita barazani mzee ananiuliza, "Fundi, bado?" nami namjibu risasi ya kulehemu imeadimika mjini, namdanganya mkwe wangu mchana kweupe, na yeye chakula anakigusa tu, anazidi kukonda, naogopa ataondoka na bado anasubiri. Kumhoji siwezi, mkwe ni mkwe, nitaanzia wapi kumwuliza habari za kifo? Nimefikiria kukipinda kwa siri nimpe mzee wakati mama mkwe yuko sokoni. Au nikiache kilivyonyooka nimwombe msamaha? Nishauri, Shangazi, mambo yamenifika shingoni.

Nurdini, fundi bati, Cheyo, Tabora.

SHANGAZI YUSTINA ANAJIBU

Marahaba, Nurdini. Barua yako niliisoma mara ya kwanza nikakasirika, mara ya pili nikalainika. Vumilia, utapata vyote viwili.

Tuanze na hiyo rangi. Umeniandikia kwa mkono wako kwamba mzee haoni, kisha mistari michache tu mbele unanisimulia ulivyotoka jasho kutafuta mpauko wa jua. Ulikuwa unamtengenezea nani, baba? Yeye, au hao waliosimama njiani kutazama? Mzee hakuuliza rangi, hakuuliza namba. Vidole vyake vilikwenda pale alipopashika kila siku ya kazi. Ungempa kile kibati kikiwa hakijapakwa chochote, ukamwuliza, "Baba, hapa palikuwaje?", usingekuwa na haja ya picha. Kwa hiyo mkeo aliposema unatafuta sifa, usinune. Ana haki yake kidogo.

Lakini moyo wako ni mzuri, na hilo nalisema bila kukwepa. Wakwe wengi wazee wanapewa kanzu mpya na simu ya tochi, basi. Wewe ulimwona mtu anazimika barazani ukataka kumrudisha. Mungu akulipe.

Sasa hao wanawake wawili. Usiwafanye maadui. Bi Tunu hagombani na waya wako wa shaba, anagombana na usiku ule aliokuwa anamshika mumewe peke yake, na sidhani kama kuna mtu amewahi kumpa pole kwa ajili hiyo. Alipomwona mzee ametulia, akaamini amesahau, na hofu yake ni kwamba wewe utamkumbusha. Hapo ndipo wanapokosea. Mtu aliyepanda treni miaka yote ile akiwa ameshika chuma kilichopinda, akapiga honi kila alipopita, akasimama kupigwa picha mkono wake ukiwa palepale, huyo atakumbushwa nini? Hajasahau hata siku moja. Nyinyi ndio mliokaa kimya, na ukimya wenu yeye anausoma gizani peke yake. Mama wa Xavery, aliyefiwa, alimpa maji ya kunawa akamkaribisha sahani. Nyumbani kwake mwenyewe, akitaja tu, sinia la kahawa linakimbia. Unadhani anaelewa nini hapo? Mimi ningeelewa kwamba watu wangu wananionea aibu.

Basi nisikilize, na ufanye kama ninavyokwambia. Uongo wa risasi uishe leo. Mwambie mzee kuna jambo nyumbani mnalizungumza, atakuelewa kuliko unavyodhani. La kupinda kwa siri mama akiwa sokoni ulifute kabisa kichwani. Huo ni wizi, hata kama unachoiba ni amani tu, na Zamda hatakuamini tena hata kwa kijiko.

Kisha Zamda aende kwa mama yake, bila wewe, amwombe amsimulie nyakati zile za kumshika mzee usiku, asimkatize, na akimaliza amshukuru. Mwambie nimemtuma mimi.

Halafu mwiteni Mzee Hilari. Nurdini, una mtani mzima Igalula na bado unaniuliza utaanzia wapi! Usiloweza kulisema wewe mkwe, yeye ana ruhusa nalo, na siku ile alikuwa ndani ya treni, yote aliyaona kwa macho yake. Mwacheni aingie na matusi yake, amtukane Abdulatifu kwa kukonda, akutukane na wewe kwa treni yako ya bwana harusi, halafu amwulize mwenzake mbele ya wote anataka nini. Bi Tunu asikie jibu kwa mdomo wa mumewe, si kwa mdomo wako. Akisikia na bado moyo unakataa, subirini. Usimshinde mama yule kwa ufundi.

Akikubali, kitoe kwenye sanduku, na hapa nataka ujizuie. Kishikio usikipinde wewe. Hujui kilipinda kiasi gani wala kilielekea wapi, picha haina, na Mzee Hilari atakukadiria tu. Kiung'oe, uuchome ule waya motoni mpaka ulainike, uurudishe ukiwa umenyooka, kisha mpakatishe mzee na umwongoze kidole gumba mpaka pale. Aupinde mwenyewe, kwa kadiri anayoijua. Inawezekana akaushika tu, akauacha ulivyo, akakurudishia. Hilo nalo litakuwa jibu lake, ulipokee bila kuongeza neno. Akilia, mwacheni alie.

Wewe kaa mbali kidogo, mikono mapajani. Upande wa kushoto wa mzee mwachie nafasi Bi Tunu, aweze kumshika kama alivyozoea.