Vidonge vya Siku ya Kukimbia

Jumatano, kijijini Kingi. Ukungu umechelewa kuondoka mashambani. Jua lilipojitokeza saa nne, nilitoa godoro la Koko, bibi yangu, ili likauke.

Chini yake palikuwa na kipande cha kitenge kilichofungwa fundo. Ndani mlikuwa na vidonge thelathini na kimoja vya tramadol, dawa kali ya maumivu.

Matibabu hayo niliyapanga mimi. Nyonga yake imemuuma kwa miaka mingi, nami, baada ya kuhitimu masomo ya uuguzi, niliona hapo fursa ya kudhihirisha nilichojifunza. Nilibandika ratiba ukutani kwa mwandiko wangu bora: kidonge kimoja asubuhi, kimoja jioni, maji mengi na mboga ili tumbo lisifunge, pombe ya ndizi na dawa ya usingizi marufuku. Nilimfafanulia kwamba mwili wa mzee huiondoa dawa polepole, hivyo kuzidisha ni hatari. Aliitikia kila kipengele. Kila jioni alisema amemeza.

Hakuwa akimeza.

Nakiri jambo baya zaidi. Wiki iliyopita, kwa kuwa aliendelea kuchechemea, nilimshawishi muuguzi wa kituo cha afya amwongezee dozi. Nilizungumza Kifaransa safi kabisa, ili asinikatalie. Vidonge vya mwisho katika fundo lile vina nguvu maradufu, na ni mimi niliyeviomba.

Nilipomwonyesha fundo, hakuona aibu.

“Maumivu ya kukaa, ninavumilia,” alisema. “Ya kukimbia njo siweze. Mara ya mwisho mulinisukuma ku chukudu, ile baiskeli ya miti, kama gunia ya viazi. Risasi ikianza tena, nitameza tano, nitatembea mwenyewe.”

Nilimweleza kwamba vitano kwa mara moja, katika mwili usioizoea dawa, vyaweza kumlaza usingizi na kuizima pumzi yake kabla hajafika barabarani.

“Afazali nianguke mu njia kuliko munisahau mu nyumba,” akajibu. “Ao ile karatasi yako njo itanibeba, Docta?”

Nimefaulu mitihani mingi. Swali hilo halikuwemo.

Hatimaye alikubali nivitunze mimi, nimpe kimoja kimoja nikimwona akimeza, kwa sharti moja: siku ya kukimbia ikifika, nisitangulie nikamwacha.

“Ndiyo, Koko,” nikasema.

Akanikabidhi fundo lote, bila kusita.

Sikumwambia kwamba nimeitwa kazini Goma, wala kwamba nimekwisha kujibu kuwa nitaripoti mwanzoni mwa mwezi. Kazi hiyo nimeitamani tangu mwaka wangu wa kwanza chuoni. Hapa nyumbani hakuna mwingine anayejua kusoma dozi, na barabara ya Masisi, ya kutoka Goma kuja huku, hufungwa na mapigano bila kumwarifu mtu.

Vidonge nimevifungia ndani ya sanduku langu la safari. Siku nitakapolibeba, nitamwachia nini?